Alama ya Mtutuni Si Burhani

Imekuwa ada miongoni mwa wengi wawindao njiwa-mwitu katika mashamba ya Uingereza kuamini kwamba alama iliyochongwa kwenye mtutu wa bunduki ya marisau, pamoja na maneno yaliyopigwa chapa juu ya kasha la katriji, yatosha kumjulisha mtu yote anayopaswa kuyajua juu ya silaha yake. Na kwamba mwenye kutundika karatasi mbele ya kituta cha udongo, akapima yadi 40, akapiga, kisha akaketi kuhesabu matundu moja baada ya moja, apoteza saa na baruti ambazo angezitumia vema zaidi shambani. Dhana hiyo huandamana na nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni kwamba ndege asipoanguka dawa yake ni kuubana mtutu zaidi na kuzidisha uzito wa marisau. Nimezisikia dhana hizi kwa watu wenye umri na heshima, wakizitamka kwa yakini ile ambayo mtu huisemea kesi iliyokwisha hukumiwa. Na madhali naziona kuwa ni batili, na batili yenyewe humdhuru kiumbe asiye na kauli, nimeona ni wajibu kuzijibu kwa urefu.

Njiwa anayesemwa hapa ni yule mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye baka jeupe shingoni na uzito wa takriban nusu kilo, ambaye hushuka kwa makundi juu ya mashamba ya rapa (mmea wa mbegu za mafuta), ngano, shayiri na njegere, akamtia mkulima hasara isiyo ndogo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ihusuyo wanyama-mwitu imemweka chini ya hifadhi pamoja na ndege wengine, na hauawi ila kwa masharti ya leseni ya jumla, ambayo miongoni mwa sababu zake kubwa ni kuyakinga mazao. Kwa hiyo mpigaji huingia shambani kwa ruhusa, na ruhusa yataka insafu. Njia iliyo mashuhuri ni kuotea: mtu hujificha nyuma ya wavu na matawi kandokando ya ua wa miti, akapanga njiwa wa bandia mbele yake, aghalabu katika umbali wa yadi 20 hadi 30, ili njiwa wa kweli wapate kushawishika kutua kati yao. Meja Archie Coats wa Hampshire, aliyeifanya kazi hii kuwa riziki yake na kutunga kitabu juu yake mwaka 1963, aliangusha njiwa 550 katika siku moja ya Januari 1962. Na hesabu kubwa namna ile haipatikani kwa bunduki ifikayo mbali, hupatikana kwa kumleta ndege karibu na kumpiga pale alipoletwa. Msomaji aukumbuke umbali huu wa yadi 20 hadi 30, kwa kuwa sehemu kubwa ya hoja yangu yasimama juu yake.

Sasa na tuitazame hiyo alama. Mtutu wa bunduki ya geji 12 huhesabiwa kuwa na kipenyo cha ndani cha inchi 0.729, na karibu na mdomo wake fundi huupunguza upana huo kidogo, ili marisau yatokapo yasongamane na kuchelewa kutawanyika. Kupunguza huko ndiko mbano, na vipimo vyake ni vya sehemu za elfu za inchi: takriban 40 kwa mbano kamili, 20 kwa nusu, 10 kwa robo, na chache tu kwa mbano hafifu. Alama ya mtutuni, basi, yaeleza kipimo cha chuma kilichokatwa na fundi; haielezi kabisa namna marisau yatakavyokwenda baada ya kuiaga bunduki. Tena hata kipimo hicho cha chuma hakiaminiki kwa jina lake peke yake, kwa sababu mitutu hailingani kwa upana wa ndani, na bomba la mbano lenye mdomo wa kipimo kimoja, likitiwa katika mtutu ulio mpana zaidi hubana zaidi, na likitiwa katika mtutu mwembamba hubana kidogo, ilhali alama yake ni ile ile.

Mizani ya marisau ni nyingine, nayo iliwekwa wazi tangu zamani. Hupigwa karatasi kwa yadi 40, huchorwa duara la upana wa inchi 30 mahali penye matundu mengi zaidi, na huhesabiwa ni chembe ngapi katika kila mia zimeingia ndani ya duara. Mtutu usiobanwa hutarajiwa kuingiza 40, mbano hafifu 50, robo 55, nusu 60, robo tatu 65, na mbano kamili 70. Kwa mizani hii mtutu ulioandikwa nusu ukiingiza 72 ni mbano kamili kwa katriji ile, hata fundi aape. Na ulioandikwa kamili ukiingiza 58 umekosa hata kufika nusu, na mwenyewe hana habari.

Hapo ndipo wapinzani wa karatasi wanapojipinga wenyewe. Hilo jina la mbano wanalolitegemea limepata maana yake kutoka wapi, kama si katika karatasi? W. R. Pape wa Newcastle alijipatia hataza ya kubana mtutu mwaka 1866, huko Marekani Fred Kimble akatajwa kuwa mwanzilishi, na W. W. Greener wa Birmingham akaja na mitutu yake iliyobanwa akidai kwamba yashinda yote yaliyotangulia; mafundi wakagawanyika, wengine wakisema huu ni uzushi utakaopasua bunduki za watu. Gazeti la The Field likaandaa majaribio makubwa mjini London mwaka 1875, mitutu iliyobanwa ikashindanishwa na isiyobanwa, na ugomvi ule ukaamuliwa kwa kuhesabu matundu mbele ya mashahidi. Kila asilimia ambayo muuza bunduki huitaja leo kwa ulimi mwepesi ilizaliwa katika hesabu za namna ile. Haiwezekani mtu kuipokea hukumu na kuikataa mahakama iliyoitoa.

Lakini tuseme alama ni sahihi, fundi ni mwaminifu, na chuma kimekatwa barabara. Bado kuna katriji, na katriji ndiyo iharibuyo hesabu kuliko kitu kingine chochote. Baruti inapowaka, chembe za risasi zilizo chini hubanwa na uzito wa zilizo juu, zikabonyea. Na chembe iliyobonyea haikati hewa sawasawa, huenda upande, huchelewa, huacha kundi. Kadiri katriji inavyotiwa mwendo mkali, ndivyo msukosuko huo unavyozidi, na ndiyo sababu katriji isifiwayo kwa kasi yake mara nyingi hutoa mtawanyo mpana wenye mapengo. Risasi iliyochanganywa na antimoni huwa ngumu zaidi, haibonyei upesi, na mtawanyo wake hukaa pamoja. Kizibo kitengacho baruti na marisau, kikiwa cha plastiki chenye kikombe, huzikinga chembe zisisuguane na mtutu, nacho hukaza mtawanyo. Kizibo cha nyuzi hakina kikombe, nacho kwa kawaida huulegeza. Wakulima wengi wa Uingereza hawataki plastiki ibaki mashambani mwao, na wana haki, kwa hiyo mpigaji hulazimika kutumia vizibo vya nyuzi. Akihama kutoka plastiki kwenda nyuzi ameibadili bunduki yake bila kuigusa, na alama ya mtutuni imebaki vile vile. Bunduki kongwe zilizobanwa na mafundi wa zama za vizibo vya sufu hupata mabadiliko ya upande wa pili: zikilishwa katriji za plastiki huweza kukaza kuliko alivyokusudia aliyezitengeneza. Mtawanyo ni mali ya ndoa ya mtutu na katriji, wala hauwezi kusomwa kwa mmoja wao peke yake.

Nije katika ile dhana ya pili, ya kubana na kuzidisha. Meja Sir Gerald Burrard, katika juzuu tatu za The Modern Shotgun alizozitoa mwaka 1931 na 1932, aliutazama mtawanyo kwa umbali mbalimbali, na jedwali linalofuatwa na wapigaji wa Kiingereza tangu zama zake laonyesha kwamba kwa yadi 25 mbano kamili hueneza wingi wa marisau katika upana wa takriban inchi 21, ilhali mbano hafifu hueneza katika inchi 32. Ukilinganisha maeneo, la pili lazidi la kwanza zaidi ya mara mbili. Maana yake ni kwamba mpigaji aliyekaa maoteani na mbano kamili mkononi, akipiga njiwa atuaye kwa yadi 25, amejinyima zaidi ya nusu ya nafasi aliyokuwa nayo, na hakuna alichokipata badala yake. Kwani akimpata ndege katikati ya duara lile dogo humtia chembe nyingi hata nyama isifae kuliwa, na akimkosa kidogo humgusa kwa chembe mbili tatu za pembeni, ndege akaenda zake na jeraha tumboni hadi msituni, akafe kesho yake.

Watasema: je, ndege wa yadi 40? Tuhesabu. Katriji ya gramu 28 ya marisau namba 6 ya Kiingereza ina chembe takriban 270. Wapigaji wazoefu hukubaliana kwamba njiwa ahitaji mtawanyo wa chembe 120 hadi 130 ndani ya duara la inchi 30 ili apate kufa bila kuteseka. Mbano hafifu, ukitii jedwali, huingiza 72 katika mia kwa yadi 30, yaani chembe 194. Na kwa yadi 40 huingiza 50 katika mia, yaani 135. Basi mbano ule unaodharauliwa na kuambiwa ni wa watoto watosha hadi yadi 40, mbali kuliko wengi wetu tunavyopaswa kufyatua. Neno zito hapo ni lile la kutii. Mtutu ukikaidi, ukaingiza 40 tu badala ya 50, chembe zimeshuka hadi 108 na mpigaji yumo katika kujeruhi. Naye hatalijua hilo kwa kutazama alama, wala kwa kutazama ndege, kwa kuwa ndege aliyejeruhiwa haonyeshi pale pale kwamba amejeruhiwa.

Wako wakubalio karatasi, lakini karatasi moja tu, nao nawaona kuwa karibu na wasiokubali kabisa. Marisau hayashuki kwa safu kama askari; hushuka kwa bahati, yakisongamana zaidi katikati na kupungua kando, na Wamarekani wawili, Oberfell na Thompson, walilionyesha jambo hilo kwa bidii kubwa katika kitabu chao cha mwaka 1957. Kwa hiyo mtutu uingizao kwa wastani chembe 162 kati ya 270, ambao ni nusu mbano halisi, waweza kwa bahati tupu kuingiza 146 katika karatasi moja na 178 katika inayofuata, na hakuna kilichobadilika. Hesabu ya kwanza yafanana na robo mbano, ya pili yafanana na robo tatu. Mtu aliyepiga karatasi moja akatoka akitangaza kwamba bunduki yake ni kali au ni legevu, ametangaza bahati ya siku ile. Karatasi 10 za katriji moja, zikitolewa wastani, hupunguza hitilafu hiyo hadi chini ya theluthi, na hapo ndipo mtu apatapo haki ya kusema.

Bahati hiyo hiyo yatufunza kwa nini tusiridhike na mtawanyo unaotosha kwa shida. Mtawanyo ukiwa umempa njiwa chembe 4 kwa wastani, si kila njiwa atapata 4: kwa kanuni za bahati, katika kila njiwa 100 waliopigwa kwa shabaha safi, 24 hivi watapata chembe 2 au pungufu, na baadhi yao hawatapata hata moja. Wastani ukipanda hadi 8, wale maskini watashuka kuwa mmoja au wawili tu. Tofauti baina ya mizani hizi mbili ni tofauti baina ya kuua na kutesa, nayo haionekani popote ila katika karatasi iliyohesabiwa.

Hoja ya wapinzani iliyo na nguvu kuliko zote ni hii: karatasi imesimama na ndege anaruka. Marisau hayafiki yote kwa pamoja, bali hufuatana kama mkia, chembe za mbele zikitangulia na zilizobonyea zikichelewa, na karatasi iliyosimama huzipokea zote na kuzihesabu kana kwamba zilifika mara moja. Ni kweli. Bob Brister wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alieleza jinsi alivyotundika karatasi ndefu juu ya tela, mkewe akaivuta kwa gari kwa kasi, naye akaipiga ikipita. Na mitawanyo mingi iliyoonekana mizuri kwenye karatasi iliyosimama ikarefuka na kutoboka mapengo. Hoja hiyo naipokea kwa heshima, lakini sioni namna iwezavyo kuwasaidia wao. Kwanza, mkia huo hurefuka kadiri ya umbali, na katika yadi 25 au 30 za maoteani athari yake ni ndogo. Pili, kilichourefusha kwa Brister kilikuwa hasa chembe laini zilizobonyea, na katriji yenye chembe za namna hiyo hujulikana hata katika karatasi iliyosimama, kwa asilimia yake ndogo na mapengo yake. Tatu, mtawanyo uliokwisha kuwa mbaya ukiwa umesimama, ukitembea hautakuwa mwema. Hoja ya mkia yatutaka tuwe wagumu zaidi katika kujaribu. Haitupi ruhusa ya kuacha.

Wengine husema kosa ni la mpigaji wala si la bunduki, akajifunze kulenga. Na ajifunze, nani akataaye? Mabingwa wa visahani vya udongo hubana mitutu yao na wakavunja visahani kwa umbali wa ajabu, lakini kisahani huvunjika kwa chembe moja au mbili na hakina damu, na bingwa hupiga kwa mwaka mmoja katriji ambazo mwindaji wa kawaida hazimalizi kwa muda mrefu. Kumtwika mwindaji huyo bunduki ya bingwa ni kumdhulumu yeye pamoja na njiwa. Fauka ya hayo, karatasi ndiyo ya kwanza kumwambia mpigaji kama kosa ni lake: mara ngapi mtutu wa kulia hupeleka marisau juu na wa kushoto hupeleka chini, au kitako kisichomfaa mtu hupeleka yote kando kwa shubiri nzima, na mwenyewe miaka nenda miaka rudi alijilaumu mkono wake?

Nyakati hizi jambo limezidi kuwa la haraka. Tangu mwaka 1999 marisau ya risasi yamekatazwa England kwa ndege wa majini na katika maeneo fulani ya pwani na maziwa, na Februari 2020 vyama vikubwa vya wawindaji wa Uingereza vilitangaza nia ya kuyaacha kwa hiari katika muda wa miaka mitano. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa mizani ya gramu 7.8 dhidi ya 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na hivyo mwindaji hulazimika kuchagua chembe kubwa zaidi ili zimfikie ndege na nguvu ya kutosha. Lakini kwa ukubwa ule ule wa chembe na uzito ule ule wa jumla, penye chembe 100 za risasi patakuwa na takriban 145 za chuma. Chuma hakibonyei, kwa hiyo mtawanyo wake hukaa pamoja hata kwa mbano mdogo, na chembe kubwa za chuma zikipitishwa katika mbano kamili huweza kuidhuru bunduki. Kila asilimia ya zamani imevurugika. Mtu aliyezoea kuisoma alama ya mtutuni kwa macho ya risasi sasa anaisoma katika lugha ambayo mtutu hauizungumzi, na muuzaji wa dukani amwambiaye mteja kwamba robo ya chuma ni sawa na nusu ya risasi, bila ya kuwa amepiga hata karatasi moja kwa bunduki ya mteja huyo, ampa dhana kwa bei ya maarifa.

Kazi yenyewe si ya kuogofya. Karatasi za upana wa futi 4, kituta kirefu cha udongo nyuma yake, ruhusa ya mwenye shamba, na asubuhi isiyo na upepo. Piga kwanza kwa umbali upigao kweli, yadi 25 au 30, karatasi 10 kwa kila mtutu na kila katriji. Kisha piga kwa yadi 40 upate kulinganisha na jedwali. Chora duara baada ya kupiga, wala si kabla, lakini usiache kutazama mahali ulipolenga na mahali marisau yalipoangukia. Hesabu matundu ya ndani, ugawanye kwa idadi ya chembe zilizomo katika katriji, na usikubali idadi iliyoandikwa na kiwanda kabla ya kufungua katriji chache na kuzihesabu mwenyewe. Tazama mapengo, uone kama njiwa angeweza kukaa ndani yake salama. Na usipige marisau ya chuma katika bamba la chuma, kwani hurudi nyuma kwa nguvu iwezayo kumpofua mtu.

Naomba basi kila mwenye leseni na bunduki, kabla hajaingia maoteani msimu huu, atoe asubuhi moja kwa kazi hiyo, na mwenye kumwuzia katriji asimkatishe tamaa. Wenye shamba nao wanayo sauti, kwani ruhusa hutoka mikononi mwao: na wamwulize mpigaji amepiga karatasi ngapi kabla ya kumwuliza amepiga njiwa wangapi, na asiyekuwa na jibu arudi kwanza kwenye kituta.